Waraka, Nyaraka na Baraka: Utafutaji wa Matini za Kiswahili katika Majedwali Yenye Uhusiano

Ikisiri

Makala hii inachunguza ugumu wa kutafuta maneno ya Kiswahili katika hifadhidata zinazoulizwa kwa lugha ya SQL, pale ambapo matini imegawanywa katika majedwali kadhaa yenye uhusiano. Ugumu huo kwa kawaida huelezwa kama matatizo mawili: la kwanza ni la kihandisi, kwamba maneno yametawanyika katika majedwali, la pili ni la kiisimu, kwamba neno moja la Kiswahili huwa na maumbo mengi yanayotofautiana mwanzoni. Makala inadai kwamba hayo ni tatizo moja lenye sura mbili, na kwamba dawa yake ni moja: kulipa umbo la neno na shina lake hadhi ya data, yaani kuyaweka katika jedwali na kuyafikia kwa kuunganisha, badala ya kutegemea ulinganishaji wa herufi au kanuni za kukata viambishi.

Utangulizi

Mwaka 1970, Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba data zihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana kwa thamani zilizomo ndani yake, ili mtumiaji asilazimike kujua njia ambayo mashine hupita kuifikia kila rekodi. Miaka minne baadaye Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, walieleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo. Waliiita SEQUEL, jina lililokuja kufupishwa kuwa SQL, na mwaka 1986 lugha hiyo ikapewa kiwango rasmi nchini Marekani. Tangu hapo imekuwa kama saruji ya kazi za ofisi: orodha za maktaba, masjala za mahakama, kumbukumbu za magazeti na majalada ya watumishi mara nyingi hujengwa juu yake, na karani anayebofya kitufe cha kutafutia hana haja ya kujua kwamba ipo. Kwa nchi zetu jambo hili limezidi kuwa zito. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba matini za Kiswahili zinazoingia katika hifadhidata si tena anwani za riwaya na diwani peke yake, bali pia hukumu, kanuni na miswada, na mtu anayekosa kuipata hati iliyomo anaweza kukosa haki yake.

Hata hivyo, zana zinazotumika kutafuta matini ndani ya SQL zilibuniwa na kujaribiwa kwa lugha nyingine, hasa Kiingereza, na zimebeba dhana za lugha hiyo bila kuzitangaza. Dhana iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba neno huanza vilevile daima na hubadilika mwishoni. Kiswahili hufanya kinyume: mabadiliko yake mengi huanzia kichwani mwa neno. Makala hii haitaishia kulalamika kwamba zana hazikutufikiria. Inataka kuonyesha kwamba jibu limo tayari ndani ya nadharia ya Codd yenyewe, na kwamba mwandishi wa programu anayefahamu Kiswahili ana uwezo wa kulitumia leo bila kusubiri toleo jipya la mfumo wowote.

Matini iliyotawanyika katika majedwali

Tuchukue mfano wa orodha ya maktaba. Mbunifu makini haandiki jina la mwandishi ndani ya rekodi ya kila kitabu, kwa kuwa mwandishi mmoja huwa na vitabu vingi, na kitabu kimoja chaweza kuwa na waandishi wawili au watatu. Hutenga jedwali la vitabu, jedwali la waandishi, na jedwali la tatu linalowaunganisha kwa namba za utambulisho. Mada za vitabu nazo hupewa majedwali mawili ya namna hiyohiyo. Faida ya mpango huu haina ubishi: jina la Shaaban Robert likikosewa tahajia, husahihishwa mahali pamoja na vitabu vyake vyote hunufaika. Lakini faida hiyo ina gharama, na anayeilipa ni msomaji anayetafuta. Msomaji haoni majedwali, anaona kitabu. Akiandika maneno "Robert wasifu" anatarajia kukipata Wasifu wa Siti binti Saad. Neno la kwanza limo katika jedwali la waandishi, la pili limo katika jedwali la vitabu, na hakuna jedwali hata moja lenye yote mawili.

Jibu la haraka ni kuyaunganisha majedwali kwa JOIN, kisha kuipima kila safu kwa LIKE. Jibu hilo lina mitego mitatu, na yafaa kuitaja kwa sababu kila mmoja hupoteza matini kimyakimya, bila ujumbe wowote wa kosa. Mtego wa kwanza ni kwamba JOIN ya kawaida hurudisha rekodi zilizo na mwenzi pande zote mbili tu. Alfu Lela Ulela, ambayo haina mwandishi mmoja anayejulikana, haitakuwa na mwenzi upande wa waandishi. Basi itatoweka katika matokeo hata kama neno linalotafutwa limo katika anwani yake. Dawa ni LEFT JOIN, ambayo hubakiza kila kitabu na kuweka NULL pasipo na mwandishi. Mtego wa pili umejificha ndani ya dawa hiyo. Katika mantiki ya SQL, NULL si neno tupu bali ni alama ya kutojulikana, na kwa kanuni ya lugha hiyo chochote kinachounganishwa nayo kwa opereta || nacho huwa NULL. Anayeshikiza anwani ya kitabu na jina la mwandishi ili apate matini moja ya kupekua atakuta anwani ya kitabu kisicho na mwandishi imemezwa yote, mpaka akumbuke kutumia COALESCE, inayoweka neno tupu mahali pa NULL. Mtego wa tatu ni wa kuzidisha: kitabu chenye waandishi wawili na mada tatu hutokea mara sita katika muunganisho. Wengi huuficha uzidishaji huo kwa DISTINCT. Njia iliyo nyoofu zaidi ni EXISTS, kwa kuwa yenyewe huuliza kile ambacho msomaji anataka kujua: je, neno hili lipo popote panapokihusu kitabu hiki? Haiulizi ni mara ngapi.

Ulizo likishatakaswa na makosa hayo hubaki kikwazo cha faharasa. Katika mifumo inayotumika sana, faharasa ni mali ya jedwali moja. Katika MySQL, safu zote zinazotajwa ndani ya MATCH, amri yake ya kutafuta matini, lazima ziwe za jedwali moja. PostgreSQL, iliyoingiza utafutaji wa matini ndani ya mfumo wenyewe katika toleo la 8.3 la mwaka 2008, huruhusu maneno ya safu mbalimbali kukusanywa na kupewa uzito tofauti, lakini faharasa yenyewe bado hukaa juu ya jedwali moja. Sharti linalosema "neno limo katika anwani AU limo katika jina la mwandishi" kwa kawaida huilazimu mashine kuunganisha kwanza na kupekua baadaye, sawa na mtu anayefungua kila kabati la ofisi kutafuta jalada moja. Kwa sababu hiyo wahandisi wazoefu hujenga jedwali la pembeni linalokusanya maneno yote yanayokihusu kitabu, kutoka anwani, mwandishi na mada, na kuyafunga kwa namba ya kitabu. Tuliite jedwali la mitajo. Kila rekodi yake husema jambo moja: neno hili limetajwa kuhusu kitabu hiki, na limetoka katika chanzo hiki. Vichocheo, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, hulisasisha kila mara jedwali la asili linapobadilika. Kwa jedwali hilo, "Robert" na "wasifu" hukutana hatimaye, kwa kuwa sasa yote mawili ni mitajo ya kitabu kimoja.

Neno lililotawanyika katika maumbo

Kwa msomaji wa Kiingereza kazi ingekaribia kuishia hapo. Kwa Kiswahili ndiyo kwanza imeanza. Fikiria afisa anayetafuta neno "waraka" wakati hati husika inasema "nyaraka". Faharasa ya kawaida hupangwa kialfabeti, kwa hiyo waraka huwekwa kwenye W na nyaraka kwenye N, na baina yao kuna sehemu kubwa ya alfabeti. Ndivyo ilivyo kwa kitabu na vitabu, ukuta na kuta, ulimi na ndimi, jino na meno. Kiingereza kinachobadilisha mkia wa neno huyaacha maumbo ya neno moja yakae jirani katika faharasa, na alama ya asilimia, ambayo katika LIKE husimama badala ya herufi zozote, ikiwekwa mwishoni huyakamata pamoja. Kiswahili huyatenganisha. Alama ya asilimia ikihamishiwa mwanzoni, faharasa ya kialfabeti haifai tena kitu, na mashine hulazimika kusoma kila rekodi.

Tuseme mashine ina kasi ya kutosha na usomaji huo hautusumbui. Bado tutakumbana na kosa la maana. Sehemu inayofanana katika waraka na nyaraka ni "araka". Ulizo lenye LIKE '%araka%' litaleta hati zote mbili, na pamoja nazo litaleta haraka, baraka na karakana. Mtumishi anayetafuta nyaraka za serikali atajibiwa kwa methali nzima ya haraka haraka haina baraka. Anayetafuta habari za kuimba kwa '%imba%' atapata simba na kukosa wimbo. Akifupisha kuwa '%imb%' ili asiukose wimbo, ataongezewa kimbunga. Anayetafuta usomaji kwa '%som%' bila kujali herufi kubwa na ndogo atapelekwa Somalia. Hii si mifano ya kubahatisha. Mashina ya Kiswahili ni mafupi, silabi zake huishia kwa irabu, na idadi ya silabi zinazowezekana si kubwa; kwa hiyo mfuatano wa herufi tatu au nne hupatikana kila mahali. Kadiri shina linavyokuwa fupi ndivyo ulinganishaji wa herufi unavyopoteza maana, na vitenzi vya silabi moja kama kula, kuja na kufa haviwezi kutafutwa kwa njia hiyo hata kidogo.

Njia ya pili inayopendekezwa ni kupima ukaribu wa maneno kwa vipande vya herufi tatu tatu. Nyongeza ya PostgreSQL iitwayo pg_trgm hufanya hivyo: huliongezea neno nafasi mbili mwanzoni na moja mwishoni, hulikata vipande, kisha hugawanya idadi ya vipande vya pamoja kwa idadi ya vipande vyote tofauti vya maneno hayo mawili. Hesabu yake inaweza kufanywa kwa mkono. Neno "waraka" lina vipande 7 na "nyaraka" lina vipande 8. Vinne ni vya pamoja, vyote kwa jumla ni 11, na ukaribu wake ni 4 kwa 11, yaani 0.36 hivi. Neno "baraka" nalo lina vipande 7. Vinne ni vya pamoja na waraka, vyote kwa jumla ni 10, na ukaribu wake ni 0.40. Kwa kipimo hicho waraka uko karibu zaidi na baraka kuliko na wingi wake wenyewe. Hakuna kiwango cha chini kinachoweza kuwekwa ambacho kitaingiza nyaraka na kuzuia baraka, kwa sababu mpangilio wenyewe umepinduka. Kipimo hiki ni kizuri kwa makosa ya uchapaji, ambako herufi moja imekosewa na nyingine zote zimesalimika. Hakikuundwa kupima ujamaa wa maneno.

Njia ya tatu ni kukata viambishi. Martin Porter alichapisha mwaka 1980 kanuni mashuhuri ya kukata viambishi tamati vya Kiingereza, na baadaye akaunda Snowball, lugha ndogo ya kuandikia kanuni za namna hiyo kwa lugha nyingine. PostgreSQL huitumia Snowball kwa lugha nyingi, zikiwamo Kifini, Kiarabu na Kituruki. Kiswahili hakimo. Anayetafuta matini za Kiswahili huachiwa mpangilio uitwao "simple", ambao hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo na kuliacha neno kama lilivyo. Mtu anaweza kusema kwamba kilichobaki ni kuandika kanuni za Kiswahili, kwani Snowball inayo kanuni ya Kiindonesia, lugha ambayo nayo ina viambishi awali. Pendekezo hilo lina uzito, lakini lina kasoro ya msingi. Kanuni ya kukata hutoa jibu moja kwa kila neno. Ikiambiwa ikate ki- na vi- itaunganisha kitabu na vitabu vizuri, kisha itakata vita, ambavyo havina "kita". Ikiambiwa ikate ma- itaunganisha ua na maua, na kisha itapeleka maji kwenye "ji". Ikiendelea na kukata -ji ya mtendaji, itakuta mauaji na maua vyote vimerudi kwenye "ua", na anayetafuta bustani atapewa kesi za jinai.

Historia ya lugha nayo inatuonyesha kwa nini kanuni peke yake haitoshi. Neno kitabu limetoka katika Kiarabu, ambako ki si kiambishi bali ni sehemu ya mzizi. Waswahili walilisikia kama neno la ngeli ya ki-/vi-, wakalipa wingi wa vitabu. Waraka nao, kwa Kiarabu, una w ya mzizi; Kiswahili kiliichukua w hiyo kama kiambishi cha umoja na kuzaa nyaraka, kama kilivyofanya kwa wakati na nyakati. Lakini wali wa kuliwa haukupewa wingi wa namna hiyo. Uamuzi kwamba neno hili limeingia katika ngeli hii na lile halikuingia ulifanywa na wazungumzaji, neno kwa neno, na haumo katika herufi. Kwa hiyo hauwezi kutolewa katika herufi. Unaweza tu kuandikwa.

Uhusiano badala ya kanuni

Hapo ndipo matatizo yetu mawili yanapoonekana kuwa moja. Kitabu kilitawanyika katika majedwali ya anwani, waandishi na mada. Tulikikusanya kwa jedwali linalosema neno lipi linahusu kitabu kipi. Neno limetawanyika katika maumbo yake. Linaweza kukusanywa kwa jedwali la aina ileile. Tuliite jedwali la maumbo, lenye safu mbili za lazima: umbo, na namba ya shina. Waraka na nyaraka hupewa namba moja. Baraka hupewa nyingine. Tofauti ambayo hesabu ya vipande ilishindwa kuiona sasa imeandikwa, na ulizo huifikia kwa kuliunganisha jedwali la maumbo na lenyewe:

SELECT v.anwani
FROM vitabu v
WHERE EXISTS (
    SELECT 1
    FROM maumbo a
    JOIN maumbo b ON b.shina_id = a.shina_id
    JOIN mitajo m ON m.umbo = b.umbo
    WHERE a.umbo = 'nyaraka'
      AND m.kitabu_id = v.id);

Ulizo hili linasomeka kama maelezo ya kawaida: lichukue umbo alilolitaja msomaji, litafutie shina, yachukue maumbo yote ya shina hilo, na uone kama lolote limetajwa kuhusu kitabu hiki. Msomaji akitaja maneno mawili, EXISTS ya pili huongezwa, na haijalishi kama neno moja lilitoka katika anwani na jingine katika jina la mwandishi. Ulinganishaji wote ni wa usawa kamili, kwa hiyo faharasa za kawaida hutumika mwanzo hadi mwisho na hakuna haja ya alama ya asilimia. Katika programu halisi neno la msomaji hupitishwa kama kigezo, halibandikwi ndani ya ulizo, kwa kuwa ubandikaji huo ndio mlango ambao wahalifu huutumia kuingiza amri zao.

Nguvu kubwa ya mpango huu ni kwamba uhusiano unaweza kubeba utata ambao kanuni haiwezi. Neno "ua" lina mashina yasiyopungua matatu: ua la bustani, ambalo wingi wake ni maua, ua wa nyumba, ambao wingi wake ni nyua, na kitenzi cha kuua. Kanuni ya kukata lazima ichague moja au iyachanganye yote. Jedwali la maumbo huandika rekodi tatu na halilazimishi uchaguzi. Anayetafuta "nyua" ataletewa hati zenye nyua na zenye ua. Ataona pia kelele kidogo ya ua la bustani, lakini hataletewa mauaji. Tena, mashina yenyewe yanaweza kupewa jedwali lao, lenye safu ya ukoo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilipanga maneno yaliyonyambuliwa chini ya kitenzi kilichoyazaa, na utaratibu huo una busara ambayo hifadhidata inaweza kuirithi. Imba, wimbo na mwimbaji ni mashina matatu ya ukoo mmoja. Mtafiti wa fasihi anayetaka kila kinachohusu uimbaji huunganisha kwa ukoo. Karani anayetaka wimbo na nyimbo tu huunganisha kwa shina. Upana wa utafutaji unakuwa uamuzi wa anayeuliza, kwa kuongeza au kupunguza kiungo kimoja, na si uamuzi uliofungiwa ndani ya programu na mtu asiyejua swali litakuwa lipi. Lahaja na tahajia nazo huingia kwa mlango huohuo: utendi na utenzi, au nti ya Kiamu na nchi ya Kiswahili sanifu, ni rekodi za ziada katika jedwali, zikiwa na safu inayosema kwamba sababu ya uhusiano ni lahaja wala si wingi.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wanaisimu. Nomino ina maumbo machache, watasema, lakini kitenzi cha Kiswahili hakina mwisho. Wana haki ya kusema hivyo. Tukichukua viambishi sita vya nafsi, njeo nne za kawaida, na nafasi ya yambwa yenye nafsi sita au bila yambwa kabisa, tunapata kinadharia 6 mara 4 mara 7, yaani maumbo 168 ya shina moja, hata kabla ya kuongeza ngeli, ukanushi, urejeshi na mnyambuliko. Jedwali la maumbo yote yanayowezekana lingekuwa kubwa bila faida. Lakini hakuna anayelihitaji. Kinachohitajika ni maumbo yaliyotokea kweli katika matini iliyohifadhiwa, pamoja na yale ambayo wasomaji huyaandika wanapotafuta. Jedwali hukua kutokana na matini, si kutokana na sarufi. Kila hati mpya inapoingia, maumbo ambayo hayajaonekana hupelekwa kwa programu ya uchanganuzi, na jibu lake huandikwa mara moja. Programu za namna hiyo zipo tangu zamani: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alieleza mwaka 1992 uchanganuzi wa maneno ya Kiswahili kwa mbinu ya ngazi mbili iliyoasisiwa na Kimmo Koskenniemi. Makala hii haipingi uchanganuzi wa kanuni. Inasema kwamba kazi ya kanuni ni kupendekeza rekodi, na kazi ya jedwali ni kuzihifadhi, ili kosa moja lisahihishwe kwa kubadilisha rekodi moja bila kugusa kanuni inayohudumia maneno mengine elfu.

Pingamizi la pili ni kwamba jedwali halitakamilika kamwe. Ni kweli, na kamusi yoyote ni hivyo. Swali ni mfumo unafanya nini na usichokijua. LIKE haijui kwamba haijui. Huleta baraka kwa ujasiri uleule inaoletea nyaraka. Jedwali la maumbo linaweza kuagizwa lilipe kila umbo geni shina la muda, ambalo ni umbo lenyewe, na kuliwekea alama kwamba halijahakikiwa. Kwa njia hiyo majina kama Robert hutafutika tangu siku ya kwanza, neno geni halipungukiwi chochote ambacho lingekipata katika mpangilio wa "simple", na orodha ya kazi iliyobaki hupatikana kwa ulizo jepesi la kuhesabu maumbo yasiyohakikiwa kwa wingi wa mitajo yake. Mhakiki huanza na yanayotajwa zaidi.

Pingamizi la tatu ni la wafuasi wa Codd wenyewe. Jedwali la mitajo linarudia yaliyokwisha kuandikwa katika anwani na majina, na urudiaji ndio ugonjwa ambao nadharia ya uhusiano ilikuja kuutibu. Jibu ni kwamba mitajo ni faharasa, na kila faharasa ni urudiaji wa makusudi. Sharti lake ni kwamba iweze kufutwa yote na kujengwa upya kutoka majedwali ya asili bila kupoteza hata neno. Jedwali la maumbo ni tofauti: hilo si nakala ya chochote. Ni ujuzi wa lugha, na ujuzi huo, usipokuwa kwenye jedwali, huwa umefichwa ndani ya msimbo wa programu au kichwani mwa karani mmoja atakayestaafu.

Pingamizi la nne ni la kiuchumi, kwamba mkusanyiko mdogo hauhitaji haya yote. Kwa upande wa kasi ni kweli: rekodi mia tano zinaweza kupekuliwa kwa LIKE bila mtu kuona ucheleweshaji. Lakini udogo wa mkusanyiko haumrudishii msomaji nyaraka alizozikosa. Hata rekodi mia tano zinaweza kuficha ile moja aliyoihitaji. Pingamizi la tano ni la kisasa zaidi, kwamba mifumo ya akili unde hugeuza matini kuwa vekta za namba na kutafuta kwa ukaribu wa maana, hivyo viambishi havina umuhimu tena. Utafutaji huo una nafasi yake, hasa pale msomaji asipojua neno lililotumiwa na mwandishi. Hata hivyo hutoa mpangilio wa ukaribu, hautoi orodha iliyofungwa. Mahakama ikiagiza hati zote zinazotaja waraka fulani, hairidhishwi na hati zilizo karibu zaidi. Inataka zote, na inataka kuelezwa kwa nini hii imo na ile haimo. Ulizo la kuunganisha linaweza kueleza kila jibu lake kwa kuonyesha rekodi zilizolizaa. Kwa kazi ya sheria na kumbukumbu, uwezo huo wa kujieleza ni sehemu ya usahihi wenyewe.

Hitimisho

Tumeona kwamba kutafuta matini katika majedwali yenye uhusiano kuna mitego ambayo lugha yoyote hukutana nayo, na mingine ambayo Kiswahili huikabili kwa ukali wa pekee. Tumeona pia kwamba mitego ya aina zote mbili hutokana na jambo moja, kwamba kitu kizima kimegawanywa na anayekitafuta anakijua kwa sehemu moja tu, na kwamba nadharia ya uhusiano ilibuniwa kwa ajili ya hali hiyo hasa. Kila mwanafunzi anayefungua kamusi akiwa na neno "nyakati" huenda kwenye "wakati" bila kuambiwa. Amefanya muunganisho kichwani. Kompyuta haina kichwa hicho. Inapaswa kupewa jedwali.

Jedwali hilo si kazi ya mhandisi peke yake, wala si haki kila maktaba na kila masjala ilianze upya. Maudhui yake yamekwisha kukusanywa kwa miongo mingi na watunga kamusi, ambao huandika wingi wa nomino kando ya umoja wake na minyambuliko kando ya kitenzi chake. Taasisi zinazosimamia na kutafiti Kiswahili, zikiwamo BAKITA, BAKIZA na TATAKI, zina uwezo wa kulitoa kama faili sahili la safu chache, lililo huru kutumiwa na yeyote: umbo, shina, ukoo, sababu. Kuchapisha kamusi nyingine nzuri ni jambo la heri. Kulichapisha faili hilo kutamfaa hata raia asiyefungua kamusi kabisa, anayeandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia na kutarajia kwamba hati yake, ikiwa ipo, itapatikana.